Nilisaini mahudhurio ya mkutano wa wazazi, sasa naambiwa nilikubali mchango wa chakula: hoja hii naipeleka kikao gani?

MamaPacha ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mawazo yenu, hasa ya wale waliowahi kuwa madiwani, watendaji au wajumbe wa kamati za shule, kwa sababu nimezunguka ofisi tatu ndani ya wiki mbili na kila ofisi imenielekeza kwa nyingine.

Nina watoto watatu katika shule moja ya msingi ya serikali hapa mjini. Mapacha wako darasa la nne, na mdogo wao ameanza darasa la kwanza mwaka huu. Mwezi uliopita tuliitwa mkutano wa wazazi kwa kikaratasi kilichobandikwa ndani ya daftari la mtoto, kikisema tu kwamba tukutane Jumamosi saa tatu asubuhi na kwamba kuhudhuria ni lazima. Ajenda haikutajwa. Tulipofika, karatasi ya mahudhurio ilianza kuzunguka kabla hata mwenyekiti hajafungua mkutano, na kila aliyeingia aliandika jina, namba ya simu na sahihi, kama tunavyofanya katika kila kikao cha mtaa na kila kikoba. Yalizungumzwa matokeo ya mtihani, utoro na vyoo vya wasichana. Mwishoni kabisa, jua likiwa limeshapanda na wazazi wengi wakiwa wameshaondoka kuwahi biashara zao, mwenyekiti wa kamati ya shule alisema kwamba chakula cha mchana kinaanza na kwamba kila mtoto atalipiwa Sh 6,000 kwa mwezi. Wazazi wawili waliuliza maswali. Hakuna aliyeombwa kunyoosha mkono. Mwenyekiti akasema, "Basi tumekubaliana," akafunga kwa sala.

Nieleweke kwamba sipingi chakula. Mapacha wangu wanatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na wanarudi saa kumi jioni, na mtoto wa umri huo hawezi kushinda na chai ya rangi peke yake. Nililipa kwa ajili yao. Kwa mdogo nilishindwa, kwa kuwa Sh 18,000 kila mwezi kwa mtu anayeuza vitumbua si fedha ya kuchomoa tu mfukoni. Wiki iliyofuata nikaambiwa na mapacha wenyewe kwamba wasiolipiwa huamriwa kukaa chini ya mwarobaini, wenzao wakipanga foleni na sahani mbele ya kibanda cha jiko. Siku hiyo mdogo wao alirudi na sahani yake ikiwa safi vilevile kama nilivyoiosha asubuhi.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Alinipokea vizuri, akasema huo ni uamuzi wa wazazi na si wake, akafungua faili kunionesha muhtasari. Nyuma ya muhtasari ilikuwa imeambatishwa ile karatasi ya mahudhurio, na juu yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, pameandikwa "Wazazi waliokubali mchango wa chakula." Jina langu ni la kumi na nne. Mtendaji wa mtaa aliniambia kuwa mambo ya shule hayako mezani kwake. Diwani alinijibu kwa simu kwamba Baraza la Madiwani linakaa mwisho wa mwezi na kwamba naweza kwenda nikaliseme huko.

Naomba kujua mambo matatu: kikao chenye uwezo wa kutengua au kurekebisha uamuzi huu ni kipi, sahihi yangu ya mahudhurio inanifunga kwa kiasi gani, na je, mtoto anaweza kunyimwa chakula kwa sababu mzazi hajachanga?

MtendajiMstaafu amejibu:

Mama Pacha, pole kwa mzunguko huo. Nimekuwa mtendaji wa kata kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimeandika mihtasari mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo niruhusu nianze na sahihi, maana ndiyo inayokuumiza zaidi.

Sahihi ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Uamuzi unathibitishwa na sehemu ya muhtasari inayoeleza nani alitoa hoja, nani aliiunga mkono, wangapi walikubali na wangapi walikataa. Ukiona muhtasari unasema tu kwamba "wajumbe kwa kauli moja waliazimia," halafu nyuma yake kuna orodha ya watu waliosaini kabla ajenda haijasomwa, ujue kwamba katibu alikuwa anatafuta kinga kwa ajili ya siku atakapoulizwa. Sitajitakasa. Nami niliwahi kuambatisha karatasi ya namna hiyo, tulipokuwa tunatafuta fedha za kumalizia boma la darasa, na sikuona ubaya wake mpaka mzee mmoja aliponiuliza mbele ya mkutano kama marehemu mkewe naye alikubali, kwa sababu jina lake lilikuwa limo. Mama yule alihudhuria kikao cha mwezi uliotangulia, nami nilikuwa nimetumia orodha ileile.

Sasa kuhusu vikao. Diwani wako hakukudanganya, lakini hakukueleza kwa ukamilifu. Baraza la Madiwani hukaa walau mara moja kila miezi mitatu, na mkutano wake uko wazi kwa mwananchi na mwandishi wa habari. Hata hivyo, wewe unaingia kusikiliza. Wanaosema ni madiwani wa kata, wale wa viti maalumu na mbunge, ambaye naye ni mjumbe, pamoja na mkurugenzi na wakuu wa idara wanapotakiwa kufafanua. Ukisimama kule nyuma ukaanza kueleza habari ya sahani ya mtoto, mwenyekiti atakuomba ukae, na kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu atakuwa hajakosea. Isitoshe, jambo linapofika barazani huwa limeshapikwa katika kamati za kudumu, ambazo hukaa faragha, na mara nyingi baraza linapokea taarifa na kuipitisha. Anayesubiri siku ya baraza ndipo aanze kusema amechelewa kwa wiki tatu.

Njia yako inaanzia chini. Mwandikie barua mwenyekiti wa kamati ya shule, nakala kwa mwalimu mkuu ambaye ndiye katibu wa kamati hiyo, na nakala nyingine kwa Afisa Elimu Kata. Omba vitu viwili tu: nakala ya muhtasari, na mkutano wa wazazi utakaoitwa kwa ajenda iliyoandikwa. Usiposikilizwa hapo, barua hiyohiyo iende kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni huyohuyo diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe, na utashangaa jinsi wenyeviti watatu wanavyoweza kumfanya diwani aone jambo ambalo kwa simu hakuliona. Kutoka hapo, diwani anaweza kulipeleka barazani kama swali la maandishi kwa mkurugenzi, au kuliingiza katika taarifa ya kata yake, na hapo litajibiwa kwa kumbukumbu rasmi.

Kuhusu kunyimwa chakula na kulazimishwa kuchanga, tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya makusudi. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016, uliofafanua utekelezaji wa elimumsingi bila malipo, haukusema kwamba serikali italisha watoto wa kutwa. Uliacha mikononi mwa mzazi sare, madaftari, chakula cha mwanafunzi wa kutwa na matibabu. Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo Sh 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo zinazofika shuleni ni Sh 6,000. Linganisha: shule inapata kwa mwaka mzima, kwa mtoto mmoja, kiasi kilekile mnachodaiwa kwa mwezi mmoja wa makande. Mwalimu mkuu hana mfuko wa siri wa kununulia mahindi.

Lakini wajibu wa mzazi kumlisha mwanawe si sawa na mamlaka ya kamati kumtoza. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni, akaagiza mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, walimu wasishike fedha hizo, na mwenye nia ya kuchangia apeleke kwa mkurugenzi. Mchango ukiwa wa hiari, ni wa hiari kweli. Ukitaka uwe wa lazima na wenye adhabu, lazima uwe na sheria ndogo nyuma yake, na sheria ndogo ina safari yake: wananchi watangaziwe na watoe maoni, halmashauri ipitishe, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aridhie, itangazwe katika Gazeti la Serikali. Kijiji nacho kinaweza kutunga yake, baada ya mkutano mkuu wa kijiji na kwa kibali cha halmashauri ya wilaya, ndiyo maana ndugu zako wa vijijini utawasikia wakisema kwao asiyepeleka debe la mahindi anaitwa ofisini. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo. Kamati ya shule ndiyo kabisa.

MjumbeWaKamati amejibu:

Shikamoo Mzee Mtendaji. Naheshimu sana maelezo yako, lakini naomba upande wetu nao usikike, kwa sababu humu ndani mwenyekiti wa kamati anakaribia kugeuzwa mwizi kabla hajajieleza. Mimi ni mjumbe wa kamati katika shule nyingine, ya mkoa mwingine, na tuna mpango wa chakula mwaka wa tatu sasa.

Watu wanaona foleni ya sahani, hawaoni hesabu. Shule yetu ina watoto wapatao 900. Makande ya siku moja yanakula gunia moja la mahindi yaliyokobolewa na debe moja na nusu la maharage, ukiongeza chumvi, mafuta kidogo, kuni, maji ya kununua wiki ambazo bomba limekauka, na posho ya wapishi wawili wanaoamka saa kumi alfajiri. Kwa bei za mwaka jana tulikuwa tunatumia kama Sh 180,000 kwa siku, yaani Sh 3,600,000 kwa siku ishirini za masomo. Mwanzoni tuliruhusu wazazi walete nafaka badala ya fedha. Tulijuta. Kuna aliyeleta mahindi mazuri, na kuna aliyeleta yaliyokwisha kutobolewa na dumuzi, ukishika kiganjani unabaki na unga. Nani atamwambia mama wa watu kwamba mahindi yake hayafai? Tukahamia kwenye fedha.

Na hapa nitasema jambo ambalo wajumbe wengi hawapendi kulisema hadharani. Kama wazazi wote wangelipa, kila mtoto angegharimu Sh 4,000 kwa mwezi. Sisi tuliweka Sh 6,000, kwa sababu tulijua toka mwanzo kwamba theluthi moja hawatalipa, wengine kwa umaskini wa kweli na wengine kwa ukaidi tu. Watoto 600 wakilipiwa Sh 6,000, tunapata zile milioni tatu na laki sita na jiko linawaka. Tungeita mkutano, tukaomba kura ya siri, tukasubiri muhtasari uthibitishwe kikao kijacho, Februari ingefika na gunia limeshapanda bei. Ndiyo maana wenyeviti wengi husema "tumekubaliana" na kufunga kwa sala. Sisemi ni sahihi, nasema ndivyo mambo yanavyokwenda kwa watu wasiolipwa hata nauli.

MwalimuWaZamu amejibu:

Kwa ufupi, kutoka chumba cha walimu. Kabla ya mpango wa chakula, kipindi cha saa saba mchana nilikuwa nafundisha vichwa vilivyolala juu ya madawati, na baada ya mpango kuanza mahudhurio ya mchana yalipanda mpaka nikalazimika kutafuta madawati ya ziada. Lakini sitaki tena kuitwa asubuhi na kupewa orodha niisome darasani, nikitaja nani kalipiwa na nani hajalipiwa. Mtoto wa miaka saba hana mkataba na kamati. Nikisoma jina lake mbele ya wenzake, namdai yeye deni la baba yake. Tuliomba kazi hiyo ihamie kwa wajumbe wa kamati, ikahamia kwa muhula mmoja, kisha ikarudi kwetu kimyakimya kwa sababu wajumbe wana shughuli zao.

MamaPacha amejibu:

Nawashukuru wote, na kipekee Mzee Mtendaji. Ndugu Mjumbe, nimekusoma mara mbili na hesabu yako imenifungua macho, lakini imenizalia swali jingine. Unasema ile Sh 2,000 ya ziada inawekwa ili iwabebe wasiolipa. Sawa, na kama ningeambiwa hivyo pale mkutanoni, huenda ningenyamaza na kuihesabu kama sadaka. Lakini kama mapacha wangu wanalipiwa Sh 4,000 zao pamoja na Sh 2,000 za kumbeba mtoto mwingine, kwa nini mtoto huyo mwingine, ambaye kwa bahati mbaya ni mdogo wao wa tumbo moja, bado anawekwa chini ya mwarobaini? Kwenu watoto wote 900 wanakula?

MjumbeWaKamati amejibu:

Wanakula wote, dada, na tuliliandika hilo katika muhtasari wetu wa kwanza. Kama kwenu kiwango ni kilekile na wasiolipiwa hawali, basi ama shule yenu ni ndogo na gharama kwa mtoto ni kubwa kuliko kwetu, ama kuna kitu hakijasomwa katika mapato na matumizi. Usimtuhumu mtu. Omba karatasi hiyo isomwe, halafu uliza swali hilohilo ulilouliza hapa, kwa maneno hayohayo.

MkaaziWaEastlands amejibu:

Naandika kutoka Nairobi na nimefuatilia mjadala huu kwa hamu, kwani huku kwetu nako watu hupeleka hoja kwenye mlango usio wake. Tangu Katiba ya 2010, serikali za kaunti zilikabidhiwa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, ilhali shule za msingi zilibaki chini ya serikali ya kitaifa. Hata hivyo, mwakilishi wadi akiitisha baraza katika mtaa wetu, nusu ya maswali huwa ni karo za ziada na madawati ya shule ya msingi, mambo ambayo bunge la kaunti haliyasimamii. Anajibu kwa ahadi, watu wanapiga makofi, na bodi ya usimamizi ya shule, ambayo ndiyo ingeulizwa, haiko hapo.

Kuhusu chakula, Nairobi ilianza mwaka 2023 mpango unaoitwa Dishi na County, ambapo mzazi hulipa Sh 5 za Kenya kwa mlo mmoja na gharama iliyosalia hubebwa na kaunti pamoja na washirika wake. Mtoto huvaa kibangili kama saa, akakigusisha kwenye kifaa, akapewa sahani yake. Ninachokipenda hapo ni kwamba aliye nyuma yake kwenye foleni hajui ni nani aliyeweka pesa na nani aliyesaidiwa. Mpango haukukosa wapinzani, na moja ya hoja zao ilikuwa hiyohiyo ya mipaka: kaunti inapika vipi kwa ajili ya shule ambazo kisheria si zake? Mimi naiona kuwa hoja yenye uzito mahakamani na nyepesi jikoni, lakini haya ni maoni yangu.

Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya 2013 imelisema wazi lile ambalo Mama Pacha analiuliza mwishoni: malipo mengine yanaweza kuwekwa kwa idhini ya waziri, ila mtoto asikatazwe kuhudhuria shule kwa kukosa kuyalipa. Sheria ipo na watoto bado hurudishwa nyumbani kila mwanzo wa muhula. Kwa hivyo, Mama Pacha, usitulie kwa sababu umeonyeshwa kifungu au waraka. Fuata ile karatasi yenye jina lako.

MtendajiMstaafu amejibu:

Nakubaliana na ndugu yetu wa Nairobi kuhusu karatasi, nami naongeza mambo mawili ya kiofisi. Barua yako ipeleke mwenyewe na uende na nakala yake, igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, kisha nakala hiyo ibaki kwako. Barua isiyo na mhuri ni hadithi tu. La pili, usiombe mchango ufutwe. Ukiomba ufutwe, mwenyekiti atasimama na kusema kwamba kuna mzazi anayetaka watoto walale njaa, na utapoteza mkutano kabla ya kufungua mdomo. Omba orodha mbili: moja ya waliohudhuria, nyingine ya waliopiga kura, na hesabu ya mapato na matumizi ya mwezi wa kwanza ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

MamaPacha amejibu, wiki tatu baadaye:

Ndugu zangu, narudi kama nilivyoahidi, ingawa jambo lenyewe halijaisha.

Barua niliipeleka na ikagongwa mhuri. Kwa siku nane hapakuwa na jibu, nikapeleka nakala kwa mtendaji wa kata pamoja na wenyeviti wawili wa mitaa ambao watoto wao wanasoma hapohapo. Sijui ni kipi kati ya hivyo kilichosaidia, lakini Jumatano iliyopita niliitwa kwenye kikao cha kamati ya shule kama mwalikwa. Nilikwenda nikiwa na hofu, maana wajumbe wengine ni wateja wangu wa vitumbua na mwenyekiti ni jirani tunayechota maji bomba moja.

Niliuliza lile swali la Sh 2,000 kama nilivyoliandika hapa. Mwenyekiti hakukasirika. Alinyamaza kwanza, akamtazama mweka hazina, kisha akaeleza kwamba walinakili kiwango cha shule ya jirani bila kupiga hesabu yao wenyewe, na kwamba walioamua wasiolipiwa wasile si kamati bali wapishi, waliokuwa wakilalamika kwamba sufuria haitoshi. Mweka hazina alitoa daftari la mapato na matumizi. Mahindi yameandikwa, maharage yameandikwa, kuni zimeandikwa kwa tarehe. Gharama ya kukoboa haimo kabisa, na alipoulizwa alisema mwenye mashine ni mzazi na anakoboa bure. Mzazi huyo alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, akasema si bure, anadai mwezi mzima. Kikao kizima kikacheka, naye mweka hazina akaandika deni hilo palepale.

Waliokuwa chini ya mwarobaini wanakula tangu Alhamisi, kwa agizo la mwalimu mkuu, wakati hesabu ikisubiri kurekebishwa. Sufuria kubwa ya pili imeazimwa kutoka kwa kikundi cha akina mama wa msibani. Kile kichwa cha maneno juu ya karatasi yetu hakijafutwa, kwa sababu katibu anasema muhtasari hurekebishwa na kikao kilekile kilichouzaa, na hapo Mzee Mtendaji utaniambia kama ni kweli.

Mkutano wa wazazi umeitishwa Jumamosi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Kikaratasi kimeshabandikwa kwenye daftari la mdogo, na safari hii kina ajenda nne. Ya tatu ni kiwango cha mchango na utaratibu wa kupiga kura.

MtendajiMstaafu amejibu:

Katibu yuko sahihi, mama. Kwa hiyo kabla ajenda ya kwanza haijaanza, mwenyekiti atakaposema kwamba tunathibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, hapo ndipo unyooshe mkono. Wengi huwa bado wanatafuta viti.